Siku Kumi na Nne Nyuma ya Mlango



Mnanifahamu kama askari wa kizuizini hapa Malaba. Mwezi Machi 2020, Uganda ilipofunga mipaka kwa abiria na kuacha malori ya mizigo yapite, kazi yetu ikawa kukagua madereva mchana na kulinda njia za panya usiku.

Jioni moja mwezi Aprili, baada ya saa moja, muda wa kutotoka nje ulipokwisha kuanza, nilimzuia mama mmoja kando ya mto akiwa na kikapu cha nyanya. Alisema wanawe hawakuwa wamekula tangu jana. Nilimjibu kwamba sheria ni sheria, nikamrudisha. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Mwezi Mei, dereva niliyekagua hati zake alipatikana na virusi. Nikaingia karantini siku 14: chumba kimoja, kitanda, ndoo. Askari mwenzangu aliniwekea sahani mlangoni, kisha akarudi nyuma hatua kadhaa. Mlinzi sasa alikuwa analindwa. Sikuugua. Kilichoniumiza ni simu ya mke wangu: kisimani watu walitawanyika alipokaribia, na mwenye duka alikataa kupokea noti yake.

Siku ya sita alinipigia tena. Yule mama wa nyanya alikuwa ameacha kikapu langoni. Hakusema kwamba amenisamehe. Alisema tu kwamba watoto hawana kosa.

Nilipotoka, vipimo vikionesha sina virusi, nilirudi kulinda njia zile zile, kwa sheria ile ile. Lakini kila niliyemrudisha nilimwuliza kijiji chake, ili mwenyekiti wake ajue nyumba ambayo haina chakula.

Ndugu zangu, ugonjwa hauombi ruhusa ya kuvuka mpaka. Nimejifunza pia kwamba wengi huficha dalili kwa kuhofia majirani kuliko wanavyotuhofia sisi polisi. Basi, ukijisikia vibaya, sema mapema. Na jirani yako akitengwa, mkae mbali kwa miili, si kwa mioyo: peleka kikapu, kiache langoni, umwite kwa jina lake ajue hujamsahau.