Shamba ni lako, lakini barabara ni ya nani?

🧵 Haya ni maneno niliyowaambia vijana wenzangu hapa Matiliku, Makueni. Kuna walioomba niyaandike. Kama kawaida ya uzi huu, hakuna mwanasiasa wala chama kitakachotajwa.

1/ Kila msimu wa siasa tunasikia mambo mawili. Mmoja anasema: "Kaunti inasumbua wenye mashamba, tutaondoa hizo sheria." Mwingine: "Masoko yetu ni ovyo kwa sababu hakuna mipango." Na sisi tunawapigia makofi wote wawili.

2/ Tuanze na hesabu. Ekari moja ni futi za mraba 43,560. Ploti ya hamsini kwa mia ni 5,000. Broka anakwambia ekari inatoa ploti nane, yaani 40,000. Sawa. Lakini ekari ya mraba ina upande wa futi kama 209. Pitisha barabara ya futi 30 kutoka mwanzo hadi mwisho, imekula zaidi ya 6,000. Zinabaki ploti saba. Kwa hivyo ile ya nane ni barabara imeuzwa.

3/ Kwa nyumba ya kuishi, watu watabanana, boda boda itapita. Lakini ikiwa ni ploti ya biashara, ghala la maembe ama karakana ya kuchomelea vyuma, lori litaingilia wapi? Maji machafu yataelekea kwa nani? Moto ukiwaka, gari la zimamoto litasimama wapi?

4/ "Shamba ni langu, niombe ruhusa ya nini?" Ni lako kweli, na Kifungu cha 40 cha Katiba kinakulinda. Lakini Kifungu cha 66 kinairuhusu Serikali kudhibiti matumizi ya ardhi kwa ajili ya afya, usalama na mipango. Ndiyo maana Sheria ya Mipango ya Ardhi ya 2019 inataka ruhusa ya kaunti. Ukianza ujenzi bila hiyo, faini ni hadi shilingi 500,000, ama kifungo kisichozidi miezi miwili, ama vyote.

5/ Na kama bado ni shamba la kilimo, kuligawanya kunahitaji pia idhini ya bodi ya ardhi, chini ya sheria ya 1967. Hiyo ni sheria ya Bunge la Taifa. Anayetaka kuwa mwakilishi wadi akiahidi kuifuta, anaahidi kitu ambacho hana.

6/ Wanaolalamika kuhusu kucheleweshwa nao wana haki. Sheria yenyewe inasema kaunti ikikaa siku 60 bila kukujibu kwa maandishi, ruhusa inahesabiwa imetolewa. Lakini hapo pia jirani anaweza kuumia, kwa sababu ofisi ikilala, hata mpango mbaya unapita. Jirani naye ana njia: mwombaji lazima autangazie umma mradi wake, watu walete pingamizi. Asiyeridhika na uamuzi ana siku 14 za kukata rufaa kwenye kamati ya kaunti ya mipango ya ardhi.

7/ Sasa siasa yenyewe iko hapa. Shamba likigawanywa, kwa kawaida mwenyewe huachia barabara bila kulipwa, na inaingia kwenye ramani. Ikisahaulika leo, siku tutakapoihitaji kaunti italazimika kuchukua ardhi ya watu na kulipa fidia ya haki. Hiyo pesa ingenunua dawa. Faida ya ploti ya nane ilienda kwa mtu mmoja, deni lake tunalipa sote.

8/ Kwa hivyo mgombea akija sokoni, usimuulize kama anapenda sheria ama anazichukia. Muulize hivi:
– Maombi yatajibiwa ndani ya siku ngapi, na tutajuaje?
– Matangazo ya miradi yatabandikwa wapi ili mama mboga ayaone?
– Mwenye ekari moja atalipa ada sawa na mwenye ekari mia?

9/ Na wewe unayenunua: kabla ya kutoa hata shilingi, omba kuona ramani iliyoidhinishwa, kisha tembea hiyo barabara kwa miguu, bikoni hadi bikoni. Kama iko kwenye karatasi na shambani haiko, weka pesa yako mfukoni urudi nyumbani.

Maswali hapo chini 👇🏾