Haki ya Sanaa na Haki ya Nyumba



Kila mji wenye jumuiya iliyo hai una watu wake wachache wanaobeba sanaa za jumuiya hiyo mabegani mwao. Yupo bibi anayewafundisha wasichana kusuka ukili na kushona mkeka. Yupo mzee anayewafundisha vijana kupiga dufu kwa mpango. Yupo fundi wa kofia, na yupo mwenye mkono mzuri wa khati. Wengi wao hawalipwi kitu. Mchana wana kazi zao dukani, shambani au ofisini, na jioni, wakati wenzao wanaponyoosha miguu, wao hufungua mlango wa darasa. Watu huwasifu sana kwa kujitolea kwao, walakini sifa hazipiki chakula wala hazimlazi mtoto. Mwaka wa kwanza darasa hujaa, mwaka wa pili hupungua, na mwaka wa tatu mwalimu amechoka, nyumbani kuna manung'uniko, na mlango hufungwa kimya kimya. Na darasa likifungwa hivyo, hasara yake si saa mbili za jioni tu, bali ni ujuzi uliopokewa kwa mababu na ambao huenda usipate mtu wa pili wa kuufundisha.

Kwa hiyo kuna maswali mawili yanayostahili kutazamwa kwa makini. La kwanza: mwalimu wa sanaa atafundishaje pasipo kuiharibu nyumba yake na nafsi yake? La pili: darasa litaendeshwaje hata wanafunzi walipende na wasilitoroke? Aghalabu maswali haya huulizwa mbalimbali, kama kwamba la kwanza ni la familia na la pili ni la shule. Kwa hakika ni swali moja. Mwalimu aliyechoka hufundisha kwa kuamrisha, kwa kuwa kuamrisha ndiyo njia fupi. Na mwanafunzi anayeamrishwa tu huchoka pia, akaondoka.

Waislamu hawana haja ya kwenda mbali kutafuta msingi wa jambo hili. Inajulikana habari ya Salman al-Farisi alipomtembelea ndugu yake Abu al-Darda. Alimkuta mke wa Abu al-Darda hajishughulishi na mapambo, na alipomwuliza sababu, akaambiwa kuwa mumewe hana haja na mambo ya dunia. Mchana Abu al-Darda alikuwa amefunga, na usiku alitaka kusimama katika ibada. Salman akamfungulisha, akamlaza, kisha mwisho wa usiku wakaamka wakasali pamoja. Akamweleza kwamba Mola wake ana haki juu yake, nafsi yake ina haki, na watu wa nyumba yake wana haki, basi ampe kila mwenye haki haki yake. Habari ilipomfikia Mtume, rehema na amani zimshukie, alisema kuwa Salman amesema kweli. Ikiwa ibada yenyewe haikuruhusiwa kumeza haki ya nyumba, darasa la ususi au la dufu litawezaje kuruhusiwa?

Sasa inafaa kutazama waliolijaribu jambo hili kwa vitendo. Mwaka 1889 mabibi wawili wa Marekani, Jane Addams na Ellen Gates Starr, walihamia katika nyumba moja ya mtaa wa maskini wa mji wa Chicago, iliyojulikana kwa jina la Hull-House. Mtaa ule ulijaa wageni kutoka Italia, Ugiriki, Ujerumani, Urusi na kwingineko, waliofanya kazi katika viwanda vya nguo na karakana za giza. Mabibi hao waliamini kuwa maskini naye ana haki ya uzuri. Mwaka 1891 jengo la kwanza lililoongezwa hapo lilikuwa na chumba cha kuonyeshea picha, na Bibi Starr akaanzisha mafunzo ya sanaa.

Haukupita muda ila waliona tatizo. Mtu aliyeshona nguo tangu alfajiri hata usiku haji darasani kwa moyo mkunjufu. Akija, macho yanamfumba. Mwenzao, Florence Kelley, alipigania sheria, na mwaka 1893 jimbo la Illinois likapitisha amri kwamba wanawake katika viwanda na karakana wasifanye kazi zaidi ya saa 8 kwa siku. Mwaka 1895 Mahakama Kuu ya jimbo hilo ikaitengua sehemu hiyo ya saa 8. Mwaka huo huo Bibi Starr alitoa makala juu ya sanaa na kazi, akidai kwamba sanaa haiwezi kustawi mahali ambapo kazi yenyewe inamdhalilisha mtu. Funzo lake ni wazi: kabla mwalimu hajauliza kwa nini wanafunzi hawaji, yampasa kujua siku yao ilivyopita.

Kisha Bibi Starr akaona kuwa kuonyesha picha hakutoshi. Yataka mkono ufanye kazi. Akaenda London, akajifunza kujalidi vitabu kwa T. J. Cobden-Sanderson kwa zaidi ya mwaka mmoja, akarudi na kufungua karakana ya kujalidi pale Hull-House. Kazi yake ilikuwa nzuri mno. Lakini ilitaka muda mwingi na vifaa vya thamani, hata wanafunzi aliowapata wakawa wachache, na vitabu alivyojalidi vilinunuliwa na wenye fedha, si na majirani zake wa mtaani. Katika hilo mna mambo mawili ya kuzingatia. Alifanya vyema kwenda kujifunza, kwa maana mtungi usiojazwa haumnyweshi mtu. Lakini sanaa ya jamii hupimwa pia kwa uwezo wa jamii kuifikia, na ufundi unaohitaji fedha ambazo mtaa hauna, hata ukiwa bora namna gani, hubaki kuwa wa mtu mmoja.

Dawa ilikuwa karibu zaidi kuliko London. Bibi Addams ameeleza katika kitabu chake cha mwaka 1910 kwamba siku moja alimwona bibi mzee wa Kiitalia akisokota uzi kwa kijiti, kama walivyofanya wazee wa kale. Watoto wa wageni wale, waliozoea mashine za viwandani, walikuwa wakiwaonea haya mama zao kwa mavazi na desturi za kijijini. Basi mwaka 1900 Hull-House ikaanzisha Makumbusho ya Kazi, ambamo wazee wa mtaa walikaa mbele ya watu wakisokota, wakifuma na kufinyanga, nao wakawa ndio walimu. Binti aliyeona haya kuingia mlango mmoja na mama yake alianza kumtazama kwa heshima alipoona watu wakisimama kuustaajabia ujuzi wa mikono yake. Hakuna hotuba ambayo ingaliweza kumfunza binti yule hivyo. Na si mwanafunzi tu aliyefaidika: mzigo wa kufundisha, uliokuwa juu ya watu wachache, uligawanywa kwa watu wengi.

Katika nyumba hiyo hiyo, kati ya mwaka 1924 na 1927, msichana aitwaye Viola Spolin alijifunza kwa Neva Boyd, mwalimu aliyetumia michezo ya kitoto kuwaunganisha watu wa lugha na kabila mbalimbali. Baadaye Spolin akaijenga michezo hiyo kuwa njia kamili ya kufundisha uigizaji, na kitabu chake cha mwaka 1963 kikaenea sana. Siri yake ilikuwa hii: badala ya kumwambia mwanafunzi «fanya hivi, usifanye vile», humpa fumbo dogo la kutatua pamoja na wenzake. Mwanafunzi husahau woga wake, na mwalimu huokoa sauti yake.

Upo mfano wa karibu zaidi, na huo ni wa Kampala. Margaret Trowell, Mwingereza, alikuja Afrika ya Mashariki mwaka 1929 pamoja na mumewe, daktari Hugh Trowell. Wakakaa Kenya kwanza, kisha mwaka 1935 wakahamia Uganda. Alikuwa mke, mama, na kwa miaka kadhaa msimamizi wa Makumbusho ya Uganda. Mwaka 1937 alianza kufundisha kuchora. Hakungoja jengo wala fungu la serikali. Alianza barazani pa nyumba yake. Kutokana na baraza lile ilitoka shule ya sanaa ya Makerere, na mwaka 1939 kazi za wanafunzi wake zilionyeshwa London. Miongoni mwa waliosoma Makerere ni Sam Ntiro wa Machame, aliyekuja kuwa Balozi wa Tanganyika huko Uingereza, na Elimo Njau wa Marangu, aliyechora picha za ukutani katika kanisa la Murang'a, Kenya.

Bibi Trowell alikuwa mwanafunzi wa Marion Richardson, aliyewafundisha wasichana wa Uingereza kufumba macho na kusikiliza mwalimu akieleza jambo kwa maneno, kisha wachore kile walichokiona moyoni. Mbegu hiyo ilipopandwa Uganda ilipata udongo mwema, kwa maana watu wa huku wamelelewa katika hadithi. Mtu hakuambiwa anakili picha ya Ulaya. Alichora soko, mavuno na arusi alizozijua. Kwa nini wanafunzi walivutiwa? Kwa sababu walikuta darasani maisha yao wenyewe.

Kutokana na habari hizi yaweza kupatikana mashauri machache yanayofaa kila darasa la jumuiya.

La kwanza ni kiasi. Darasa moja kwa wiki lililodumu miaka kumi ni bora kuliko manne kwa wiki yaliyokufa kwa miezi sita. Siku iwe moja, na saa ya kumaliza iheshimiwe kama saa ya kuanza, ili watu wa nyumbani mwa mwalimu wajue lini baba au mama yao anarudi. Waislamu wamekwisha kugawiwa siku kwa sala tano. Darasa likiwekwa baina ya Alasiri na Magharibi, mwisho wake umekwisha kutangazwa na mwadhini.

La pili ni ushirika. Kidole kimoja hakivunji chawa. Kila mwalimu apewe msaidizi anayejifunza ualimu, ili akiugua au akipata msiba mlango usifungwe. Na wazee wenye ujuzi waalikwe, hata kwa jioni moja tu, waonyeshe chane zinavyopasuliwa na ukili unavyoanzwa.

La tatu ni watoto. Hull-House ilikuwa na shule ya watoto wadogo tangu siku zake za mwanzo, kwa kuwa mama hawezi kushika sindano huku moyo wake uko kwa mtoto aliyemwacha. Jumuiya ikimpata mtu wa kuwaangalia watoto kwa saa mbili, itashangaa kuona idadi ya kina mama watakaohudhuria.

La nne ni namna ya kufundisha. Kila somo lianze kwa mikono, si kwa maelezo marefu, na kila mwanafunzi arudi nyumbani na kitu alichokimaliza, ijapokuwa ni shubiri moja ya ukili. Aliyekosea asichekwe, bali aonyeshwe mahali uzi ulipopotea, kisha aachiwe aufumue mwenyewe. Mwisho wa mwaka yafanywe maonyesho, jamaa waalikwe, na jina la kila mtu liandikwe kando ya kazi yake.

La tano ni mapumziko. Waganda wanaotengeneza nguo kwa gome la mti wa mutuba, kazi ambayo mwaka 2005 ilitangazwa na UNESCO kuwa miongoni mwa urithi bora wa wanadamu, hubandua gome wakati wa mvua, kisha huufunika mti kwa majani ya mgomba ili upate gome jipya, na mti huo huo hutoa tena. Asiyeufunika hupata nguo moja na kuupoteza mti. Mwalimu ni mti wa namna hiyo. Jumuiya ifunge darasa katika mwezi wa Ramadhani na baada ya maonyesho, imshukuru kwa kifuta jasho kadiri ya uwezo wake, wala isimhesabu kuwa mvivu akisema kwamba jioni ya leo ni ya watoto wake.

Haki hizi hazigombani. Nyumba iliyopewa haki yake humtoa mwalimu mlangoni kwa dua njema, na mwalimu aliyetoka kwa dua njema huwapokea wanafunzi kwa uso wa furaha. Wanafunzi waliopokewa hivyo hurudi wiki ijayo, nao huja na wenzao. Na mkeka ulioanzwa na mikono ya bibi hupata mikono ya mjukuu ya kuuendeleza.