Ajali Ina Kinga

(Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, baada ya chakula cha mchana)



Nilipoombwa kusema machache juu ya kazi yangu niliona haya, maana baada ya pilau ni nani atakayetaka habari za miti? Lakini asubuhi tulipotembezwa nimeona mijohoro ya nyuma ya bweni la pili imeegemea paa. Nikaambiwa liko shauri la kuwapandisha vijana wa kidato cha tatu waipunguze kwa mapanga, wakati wa kazi za mikono. Basi nimeona yanipasa kusema, tena kusema wazi.

Sisi wenyewe tuliipanda miti ile. Kiranja alitaja jina, nawe ukavua viatu, ukachomeka panga kiunoni, ukapanda. Aliyesita alichekwa mpaka muhula ukaisha. Siku zetu hakuanguka mtu, nasi tukaondoka hapa na somo baya, kwamba jambo ambalo halijakudhuru si la hatari.

Mimi nilisomea misitu katika Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, nikaajiriwa serikalini, na nikakabidhiwa miti ya barabarani na ya viwanja vya umma katika mji ambao sitautaja. Mwaka 2012 nilimpandisha mtu juu ya mkaratusi uliokuwa ukitishia ukuta wa zahanati. Alikuwa mkataji hodari, rika la baba yangu mdogo. Alijifunga kamba moja ya katani, akapanda na panga lake. Pigo moja likapita tawi, likakata kamba. Alianguka kiasi cha mita sita. Hakufa, Mungu ashukuriwe, lakini nyonga ilivunjika, na hadi leo anatembea kwa fimbo.

Sasa nisikilizeni vizuri. Katika stoo yetu mlikuwa na mikanda miwili ya kupandia, yenye kamba zake, pamoja na kofia ngumu nne, vyote vipya, bado vimo ndani ya mifuko ya nailoni. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu. Nilivitunza visichakae, ili wakaguzi wakija wavione.

Wenzake waliniliwaza kwa kusema, "Mkuu, ajali haina kinga." Tangu siku ile sijaipenda methali hiyo. Ajali ile ilikuwa na kinga, na kinga yenyewe nilikuwa nimeifungia kwa kufuli.

Hivyo naomba nieleze kazi hii inavyopasa kufanywa.

Kwanza ni kutazama. Kabla mtu hajaugusa mti, auzunguke. Je, shina lina ufa? Je, kuna uyoga umeota penye mizizi, dalili ya kuoza ndani? Je, kuna matawi makavu, mzinga wa nyuki, waya wa umeme? Penye waya kazi isianze mpaka wenye umeme wameukata, kwa maana tawi bichi hupitisha umeme hata mtu asipogusa waya wenyewe.

Pili ni kamba. Mpandaji hujifunga mkanda maalumu unaobeba nyonga na mapaja, si kitanzi cha kiunoni. Anapokata kwa msumeno wa injini ashikizwe mahali pawili, ili kamba moja ikikatwa nyingine imshike. Na chini asimame mwenzake anayejua kupanda, mwenye vifaa vyake tayari, kwa sababu mtu aliyeumia akining'inia juu hawezi kungoja watu waende kutafuta ngazi.

Tatu ni msumeno wa mnyororo, ambao mafundi wanauita chensoo. Mnyororo wake hukimbia kiasi cha mita 20 kwa sekunde. Pembe ya juu ya ncha yake ikigusa kitu, msumeno mzima huruka nyuma kumwelekea aliyeushika. Kwa hiyo hushikwa kwa mikono miwili, haunyanyuliwi kupita bega, wala hautumiwi mtu akiwa juu ya ngazi. Mkataji avae kofia ngumu yenye wavu wa uso, vizibo vya masikio, buti imara, na suruali maalumu yenye tabaka za nyuzi ndefu ndani yake. Mnyororo ukiigusa suruali hiyo, nyuzi huvutwa na kuuzonga mpaka usimame. Vazi hilo ni ghali, lakini mguu ni ghali zaidi.

Nne ni kukata kwenyewe. Tawi zito likikatwa kutoka juu kwa mara moja, huchanika na kushuka na gome la shina. Mkato wa kwanza uwe wa chini, kiasi cha sentimita 30 kutoka shinani. Wa pili uwe wa juu, mbele kidogo ya ule wa kwanza, na hapo tawi litaanguka bila kuchana kitu. Wa tatu uondoe kisiki kilichobaki, nje kidogo ya uvimbe ulio kwenye shina la tawi. Mmarekani Alex Shigo, aliyepasua maelfu ya miti ili atazame ndani yake, alionyesha kwamba mti hauponi kama ngozi yetu, bali hujenga kuta kuzunguka jeraha. Uvimbe ule ndio ngome yake, na ukiukata umemfungulia adui mlango. Alionyesha pia kwamba kupaka rangi juu ya jeraha hakuzuii kuoza.

Tano, msikate vilele vya mijohoro ile. Mti uliokatwa kichwa huchipua fimbo nyingi zilizoshikilia juu juu tu, na baada ya miaka michache hizo ndizo zitakazoangukia bweni.

Ndugu Mwenyekiti, ipo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayomtaka mwajiri amlinde mfanyakazi wake. Uko pia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliotokana na Sheria ya mwaka 2008. Lakini mwanafunzi aliyetumwa mtini si mfanyakazi wa mtu. Akivunjika mgongo atarudishwa kwa mama yake na barua ya pole.

Kwa hiyo natoa shauri. Mwaka huu chama chetu kipunguze fedha za jezi, kiweke fungu la kuajiri mafundi wenye vifaa, waje wakati wa likizo, mabweni yakiwa matupu. Mimi nitakuja kusimamia bila malipo, wala sitaomba hata nauli. Vijana wapewe kazi ya kukusanya matawi baada ya mafundi kuondoka, na ya kupanda miche mipya, mbali na mapaa safari hii.

Namalizia. Kila sikukuu nampitia mzee wangu yule. Hajapata kunilaumu, na hilo ndilo linaloniuma. Mwaka jana aliniuliza kama ile mikanda ya stoo bado ipo. Nikamjibu kwamba imechakaa kwa kazi, tukanunua mingine. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Hapo sawa."