Kosa Si la Mabati

Leo tunapanda juu ya paa, na tuko Theta, hapa kati ya Ruiru na Thika, ambako nyumba zimechipuka kwa kasi tangu barabara kuu ya Thika ilipokamilika mwaka wa 2012. Mawe ya Ndarugu yako karibu, mabati yapo, mafundi wapo. Kisha inakuja mvua ya Aprili, na kwenye dari ya chumba cha kulala linatokea doa la rangi ya chai.

Mwenye nyumba akiliona hulaumu mabati. Fundi huitwa, hupanda na silikoni yake, huziba matundu ya misumari, hulipwa, huenda zake. Mvua inayofuata, doa limerudi, tena limepanuka. Msikilizaji, doa likiwa kando ya ukuta wa nje, kabla ya kugusa bati hata moja, tazama gata.

Tupige hesabu. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Paa linalofunika mita 10 kwa 8, likinyeshewa milimita 40 usiku mmoja wa masika, humwaga lita 3,200. Maji yote hayo yanatafuta njia kupitia gata na mdomo wa paipu ambao kiganja chako kinaweza kuuziba.

Na wa kuuziba hawakosi. Mikima iko kila mpaka wa shamba, mti usiochoka kudondosha majani. Januari na Februari yanatua kwenye gata, vumbi la malori ya mawe linayafunika, ndege nao wanaleta nyasi zao. Mvua ya Machi ikianza, mchanganyiko huo unakuwa tope, na tope husombwa hadi kwenye mdomo wa paipu likakwama papo hapo.

Maji yakimwagika kwa mbele, una bahati: utayaona. Lakini gata ikifungwa vibaya, ukingo wa nyuma ukawa chini kuliko wa mbele, maji humwagikia ndani. Hulowesha fashia, ule ubao unaoibeba gata, kisha ncha za kenchi, kisha hupita juu ya ukuta na kuingia darini. Mbao zetu nyingi ni saiprasi. Kulowa mara moja na kukauka hakuziui. Zikikaa na unyevu wiki baada ya wiki, kuvu huzila, mchwa hufuata, misumari ikalegea. Halafu kuna uzito: gata ya mita 10, upana sentimita 12, kina 10, ikijaa hubeba kilo 120 za maji, zaidi ya mifuko 2 ya simiti iliyoning'inia kwenye ubao uliooza. Ikianguka huondoka na ubao, na upepo hupata pa kuingilia chini ya mabati. Mabati yenyewe, ncha zake zikilalia majani yaliyolowa msimu mzima, hupoteza zinki na kushika kutu.

Nyumba za mtindo wa sasa, zile zilizofichwa paa nyuma ya ukuta ili zionekane bapa, zina hatari zaidi. Mimi sijauelewa mtindo huo katika nchi ya mvua kama hii, lakini ukishajenga umejenga. Gata iko ndani ya ukuta, huioni, na ikijaa maji hayana pa kumwagikia ila darini, penye nyaya za taa. Mwambie fundi atoboe tundu la dharura kwenye ukuta huo, chini kidogo ya usawa wa ncha za mabati. Maji yakitoka hapo nje, unajua paipu imeziba.

Usafi wenyewe ufanye mwishoni mwa Februari, na tena mwishoni mwa Septemba kabla ya vuli. Aliye chini ya mkima aongeze siku moja katikati ya Aprili. Chota tope kwa mikono yenye glavu, utie kwenye ndoo, wala usilisukume kwenye paipu. Kisha mwaga maji upande wa mbali na uyatazame yakitembea. Yakituama, gata imelala: fundi aje na pima maji, aishushe sentimita 1 kwa kila mita 2 au 3 kuelekea kwenye paipu. Kama unakinga maji ya tangi, tenga paipu ya tangi kwanza, usije ukanywa uliyoyaosha.

Kwa wapangaji wa ploti: kazi hii ni ya mwenye nyumba, lakini yeye hakai hapo. Piga picha ya doa likiwa bado dogo, umtumie.

Na kabla ya kuegemeza ngazi, tazama waya wa umeme unaoingia nyumbani unapita wapi. Mara nyingi hufungwa kwenye fashia ile ile. Weka ngazi mbali nao, mtu aishikilie chini, na usipande bati likiwa limelowa.