Kupiga Picha Bure, Kuionyesha Milioni Mbili

(Maneno niliyozungumza kwenye kikao cha vijana, Moshi, Juni 2018. Nimeyaacha karibu kama yalivyotoka mdomoni.)

 

Mwezi huu JamiiForums imezimwa, na nimesikia watu wakisema hayo ni mambo ya Dar. Sasa mimi nataka tuzungumze kuhusu mpiga picha wa hapa hapa.

Tuseme kijana wa Uru amenunua kamera ya mtumba. Jumapili anapiga ubatizo na kipaimara, siku nyingine anashuka mjini: Mbuyuni, stendi, mnara wa saa, akina mama wa ndizi Kiborloni. Amefungua tovuti, anaweka picha zake na maneno mawili matatu chini. Hana mfanyakazi, hana ofisi. Je, amevunja sheria?

Kupiga picha barabarani, hapana. Katiba ibara ya 18 inampa uhuru wa kutafuta, kupokea na kutoa habari. Kuna maeneo ya ulinzi ambayo Sheria ya Usalama wa Taifa ya 1970 inakataza kuyapiga picha, hilo mlijue, msije mkasema kamanda mwanasheria alituruhusu kambi ya jeshi. Lakini soko siyo kambi. Mtu akikwambia "hairuhusiwi", muulize kwa heshima ni kwa sheria ipi. Kwa heshima, nimesema. Usivutane naye kamera.

Tatizo linaanza akifika nyumbani na kuiweka mtandaoni. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni, Tangazo la Serikali namba 133 la Machi 2018, zinaeleza blogu kwa upana ambao unabeba hata picha. Kwa hiyo kijana wetu yumo. Anatakiwa kulipa TCRA shilingi 100,000 ya maombi, 1,000,000 ya leseni ya kuanzia na 1,000,000 ya mwaka. Jumla 2,100,000. Kama anauza picha moja kwa 5,000, hizo ni picha 420 kabla hajanunua hata betri. Asipokuwa na leseni: faini isiyopungua milioni 5, au jela isiyopungua miezi 12, au vyote pamoja.

Na hizi ni kanuni, jamani, siyo sheria iliyojadiliwa bungeni kifungu kwa kifungu. Waziri amezitunga akitumia mamlaka aliyopewa na sheria ya 2010. Mashirika sita yalikwenda Mahakama Kuu Mtwara, yakapata zuio tarehe 4 Mei, na kabla Mei haijaisha zuio likaondoka.

Kinachonichoma zaidi ni hiki. Mgeni anapanda Materuni kuona maporomoko, anampiga picha bibi akitwanga kahawa, anarudi Ujerumani anaiweka kwenye tovuti yake. Halipi TCRA hata senti. Kanuni zinamhusu Mtanzania, hata aliyeko ng'ambo, na mgeni anayeishi nchini. Mtalii wa siku sita hazimgusi. Yaani mjukuu wa yule bibi ndiye anayehitaji leseni kumwonyesha bibi yake.

Halafu kanuni hizo hizo zinawataka wenye intaneti kafe wafunge kamera za kurekodi wateja. Kwa hiyo serikali haina ugomvi na kamera. Inachoangalia ni nani ameishika.

Mtu anaweza kuniuliza, picha za ndizi na ubatizo zina siasa gani? Mkumbukeni Daudi Mwangosi wa Channel Ten, tarehe 2 Septemba 2012, Nyololo, Iringa, kwenye shughuli ya CHADEMA ya kufungua tawi. Picha zilizotoka magazetini zilimwonyesha akiwa katikati ya askari. Mwaka 2016 askari mmoja akahukumiwa miaka 15 kwa kuua bila kukusudia. Askari mmoja tu, wakati kwenye picha wanaonekana wengi. Aliyepiga picha zile hakuamka asubuhi akijua siku itaishaje. Ndiyo maana nataka watu wenye kamera wawe wengi mtaani, hata wa ubatizo.

Lakini nasi tusijifanye malaika. Ibara ya 16 inalinda faragha, na inamlinda pia mama wa Mbuyuni. Nimeona kwenye makundi yetu picha za mama amebeba mkungu, amechoka, na maneno juu yake "maisha magumu". Nani alimuuliza? Mpagazi ametoka mlimani viatu vimechanika, tunamgeuza bango. Na mikutanoni tunapiga nyuso za watu mbele mbele, tunarusha, kesho yake mwalimu anaitwa ofisini kwa mkuu wake aeleze alikuwa anafanya nini pale. Kabla ya kurusha, angalia ni nani anaonekana na itamgharimu nini. Akikataa, futa.

Wanaotaka kulipa leseni walipe, siwalaumu. Mtu analinda riziki yake. Wasioweza, kabla ya kufunga tovuti, hifadhini picha zote mahali pawili, na tarehe zake.

Nakala za kanuni nimetoa nne tu, kwa hiyo mtasoma kwa kushirikiana. Fungueni kanuni ya 12, ile inayotaja maudhui "yanayosababisha kero", tuone kero ya nani. Dada wa nyuma, umenyosha mkono tangu mwanzo, anza wewe.