NYUMBA YA BONDENI: TUNUNUE AU TUSINUNUE?



Ndugu wapendwa, swali tuliloletewa na jumuiya zetu ni fupi: Mkristo mwenye akiba ndogo, akipata nyumba ya bei nafuu katika bonde la Mto Msimbazi, ainunue? Wapo watakaosema kwamba hilo ni suala la fedha, si la Kanisa. Sisi tunaona vingine. Nyumba ndipo familia hulala, hula na kusali. Kuichagua ni kuamua juu ya uhai wa watu.

Kwanza, tutazame hali ilivyo. Msimbazi huanzia vilima vya Pugu, hupita katikati ya Dar es Salaam na kuingia baharini karibu na Daraja la Selander. Kadiri mji ulivyopanuka, ardhi iliyokuwa ikinyonya mvua imefunikwa na mabati, saruji na lami. Mchanga na taka navyo vimejaza mkondo. Desemba 2011 watu wapatao 40 walipoteza maisha jijini kwa mafuriko. Baadhi ya waathirika walipewa viwanja Mabwepande, lakini wapo waliorudi bondeni kwa kuwa riziki yao ilikuwa mjini. Tusiwacheke. Hakuna apendaye kulala majini. Umaskini ndio uliowarudisha.

Pili, sheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa mto, na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inatambua kuwapo kwa ardhi hatarishi. Hati ya mauziano, hata ikipigwa muhuri wa serikali ya mtaa, haigeuzi bonde kuwa kiwanja halali. Desemba 2015, bomoabomoa ilipofika Mkwajuni, waliosalimika na maji walikutwa na tingatinga.

Tatu, tufanye hesabu. Katika Injili ya Luka, sura ya 14, Bwana Yesu anamtaja mjenzi wa mnara ambaye hana budi kuketi kwanza na kukadiria gharama. Gharama ya nyumba si bei anayoitaja dalali peke yake. Ongeza magodoro, unga, madaftari ya watoto, dawa za kipindupindu na siku za kazi zitakazopotea. Rahisi ghali. Basi, anayetaka kununua asiitazame nyumba wakati wa kiangazi tu. Aende wakati wa masika, kati ya Machi na Mei. Achunguze alama za tope ukutani, na ajihadhari na ukuta uliopakwa rangi mpya upande wa chini pekee. Awaulize wapangaji na majirani, kisha afike ofisi ya ardhi ya manispaa. Akithibitisha kwamba maji huingia, jibu letu ni hapana. Ni heri kupanga chumba kimoja palipo pakavu kuliko kumiliki vyumba vinne ambavyo mto utavidai.

Nne, na hapa ndipo dhamiri inapobanwa, tumfikirie muuzaji. Torati ilimwagiza mwenye nyumba aweke ukingo juu ya dari lake, asije mtu akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba hiyo. Anayeuza nyumba ya bondeni huku akificha habari za maji ameuondoa ukingo huo kwa makusudi. Tunajua ugumu wake: akisema kweli, huenda asipate mnunuzi, naye ana watoto, na akiba yake yote imo katika kuta zile. Hata hivyo, mtu hajiokoi kwa kumtumbukiza mwenzake. Aseme kweli.

Lakini tukimdai ukweli, tusimwache peke yake. Jumuiya Ndogo Ndogo zina wajibu wa kumsaidia anayehama: kumpa hifadhi, kuchangia kodi ya miezi ya mwanzo, kumtafutia shule za watoto. Viongozi wa serikali nao tuwadai, kwa heshima na bila woga, viwanja vilivyopimwa, vya bei ambayo mchuuzi anaimudu, na karibu na usafiri. Maskini asipopewa mahali pengine pa kwenda, katazo la kukaa bondeni halimfikishi popote.

Maji hufuata mkondo. Hayajui hati wala muhuri. Masika yajayo yasimkute ndugu yetu yeyote bondeni kwa sababu sisi tuliojua tulinyamaza.

Mungu awabariki.