Uniti 75 za Nani? Bei ya Umeme Katika Nyumba za Kupanga Dar es Salaam



Katika nyumba nyingi za Manzese, Buguruni na Mbagala, ukiingia mlangoni unakuta vyumba vitatu kulia, vitatu kushoto, na mita moja ya LUKU. Kila chumba ni kaya. Umeme ukikaribia kuisha, wapangaji huchangishana. Mwenye friji hudaiwa zaidi, mwenye taa na redio tu hunung'unika, na pasi ya mtu mmoja huweza kuzua ugomvi wa wiki nzima. Nataka kuizungumzia mita hiyo, kwa sababu naamini inaamua gharama ya umeme kwa maskini wa jiji hili kuliko bwawa lolote au bomba lolote la gesi.

Tuanze na bei zenyewe. Kwa agizo la EWURA la 2016, mteja wa nyumbani mwenye matumizi madogo, yaani wa kundi la D1, hulipa shilingi 100 kwa kila uniti hadi uniti 75 kwa mwezi, na shilingi 350 kwa kila uniti inayozidi hapo. Mteja wa T1, kundi analohamishiwa mtu ambaye wastani wake wa mwezi unazidi uniti hizo 75, hulipa shilingi 292 tangu uniti ya kwanza. Ongezeni VAT asilimia 18, tozo ya REA asilimia 3 na ya EWURA asilimia 1: uniti ya D1 inafika shilingi 122, ya T1 inapita 356. Nia ya D1 ni njema na naiunga mkono kwa moyo wote. Mwenye kipato kidogo naye anastahili taa, feni na televisheni.

Tatizo ni kwamba utaratibu huu unahesabu mita, hauhesabu watu. Nyumba yetu ya vyumba sita, kila chumba kikitumia uniti 25, inafikisha uniti 150 kwa mwezi, na kwa wastani huo inaangukia T1. Kila chumba kinalipa karibu shilingi 8,900. Kijana anayeishi peke yake Sinza, mwenye mita yake na anayetumia uniti 60, yuko D1 na analipa 7,320. Mama wa chumba kimoja analipa zaidi kwa uniti 25 kuliko kijana yule kwa uniti 60! Tena kodi ya jengo, ambayo tangu 2021 hukatwa kwenye LUKU, humkuta mpangaji kwanza ilhali jengo si lake.

Mtasema kila mpangaji na avute mita yake. Ada ya kuunganishiwa umeme mjini, ile iliyorejeshwa Januari 2022 kwa njia moja ndani ya mita 30, ni shilingi 320,960. Kwa vyumba sita ni karibu milioni mbili. Mwenye nyumba haoni sababu ya kuzitoa, na mpangaji hawezi kuwekeza katika ukuta anaoweza kuambiwa auhame mwezi ujao. Zile mita ndogo za ndani, ambazo baadhi ya nyumba zimefunga, zinamaliza ugomvi wa nani katumia nini. Bei inabaki ileile.

Hapa ndipo mkaa unapoingia. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi ifikapo 2034. Sasa mfikirieni mwenye mita yake, aliye D1, anayenunua jiko la presha la umeme. Akivuka uniti 75, kila uniti ya ziada inamgharimu 427. Wastani wake ukikaa juu akahamishiwa T1, zile uniti 75 alizokuwa akizilipia shilingi 9,150 zinakuwa 26,718, kabla hajahesabu hata moja ya kupikia. Mkaa unauzwa kwa kopo, leo kwa leo, na haumhamishi mtu kundi. Anayeendelea kuununua amepiga hesabu sawasawa.

Nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu umeme upo. Bwawa la Julius Nyerere, kwenye Mto Rufiji, lina mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, jumla megawati 2,115. Wa kwanza uliwashwa Februari 2024. Juu yake kuna Kidatu, Kihansi, na mitambo ya Kinyerezi inayotumia gesi ya kusini. Na sehemu ya mkaa unaochomwa jijini hutoka kwenye misitu ya bonde hilohilo la Rufiji, misitu inayoshikilia udongo na maji ya kuzungusha mitambo yetu.

Napendekeza kikomo cha uniti 75 kihesabiwe kwa kaya: mita ya kaya sita ipewe uniti 450 za bei nafuu. Na mwenye kuthibitisha kwamba anapikia umeme aongezewe kikomo badala ya kuondolewa D1. Wapo watakaodanganya idadi ya wapangaji. Lakini ofisi ya serikali ya mtaa ina daftari la wakazi, mjumbe anajua nani analala wapi, na TANESCO ina namba ya kila mita. Kuzioanisha orodha hizo kunaweza kuanza na mtaa mmoja wa Manzese, na wanafunzi wa idara yetu chuoni wako tayari kupita nyumba kwa nyumba.